Nilimwita Mama Mkwe Mwizi wa Maembe

Wadau, nianze kwa kukiri kabla hamjanitukana: siku ile zuzu alikuwa mimi.

Zuzu kapiga pasi shati, kasimama juu ya paa la ukweni, anamwita mama mkwe wake mwizi. Tena kwa sauti, majirani wamejaa madirishani...

Ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa nauza maembe mabivu sokoni. Mnalijua embe likishaiva, halina subira. Nusu ya faida yangu ilikuwa inaozea chini ya meza. Mke wangu akaniambia mama yake anajua kukausha matunda, na paa lake linapigwa jua kutwa. Nikapeleka matenga mpaka mkokoteni ukalia.

Nilipopanda paani kuyafuata, nikakabidhiwa mfuko mmoja. Mfuko, jamani! Wa kubeba kwa kidole.

"Mama, mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo, baba."

Hapo ndipo neno lile likanitoka. Mke wangu akaziba uso kwa mikono. Mama mkwe hakubishana, aliniuliza tu taratibu, kwani mimi nilikuwa nataka nini.

"Nataka uzito, mama. Sokoni tunauza kwa mizani."

Akaitikia kwa kichwa.

Mzigo uliofuata ulikuja mzito, laini, unang'aa... Nikacheka peke yangu. Mnaona? Ukimbana mtu, anatema!

Mke wangu akanipa ujumbe kwamba mama kasema mzigo huu niuze leo leo, haukai. Nikamjibu mama yake asinifundishe biashara.

Nikafunga pakiti. Nikabandika lebo yenye picha yangu nikicheka meno yote nje. Nikapeleka kwenye lile duka kubwa nililokuwa nalibembeleza mwaka mzima. Mwenye duka akapima, akaridhika, akanipa rafu ya mbele, pale mlangoni. Nikajiona nimetoka kimaisha.

Wiki haijaisha, simu ikaita. Mwenye duka.

"Njoo uchukue takataka zako."

Nikakuta maembe yameota ukungu wa kijani, ndevu kabisa. Na mimi pale kwenye lebo bado nacheka... Rafu yangu tayari imejazwa biskuti za mtu mwingine.

Nikapanda ngazi za ukweni nafuka moshi, pakiti kifuani.

Somo lichukueni sasa hivi, kabla sijawapa jibu nililopewa: mnaolalamika kwamba embe kavu ni ghali, bei ile inalipia hata kile kilichokwenda na jua. Ukikataa hasara hiyo mwanzoni, utaikuta mbele, imeota ndevu.

Mama mkwe alikuwa anageuza vipande kwenye wavu. Hakuinua hata macho.

"Mama, umenimaliza. Kwa nini hukuyakausha?"

"Mara ya kwanza jua lilichukua maji, ukaniita mwizi," akasema. "Mara ya pili nikakurudishia na maji yako. Sasa leo, baba, nimekuibia nini?"