Jua la Manjano Wodini

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Brashi alikuwa na safari moja tu. Alikimbia nyumbani, akavua sare, akanawa uso, akachukua chupa ya supu iliyoachwa mezani na shangazi yake, kisha akaenda hospitali kwa miguu. Brashi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu vidole vyake havikuisha rangi, na mwalimu wa hesabu alizoea kumtania kwamba hata hesabu zake za kugawanya zilichanua maua.

Mlangoni pa wodi ya watoto alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa gauni la wageni, ndipo akaruhusiwa kumkaribia mdogo wake. Huyo alikuwa wa darasa la kwanza, na nyumbani walimwita Bonge, maana alikula chake akamalizia na cha jirani. Pazia la jikoni lilipodaka moto wa jiko la mafuta ya taa, yeye alikuwa amesimama karibu. Majirani walimtoa, lakini miguu yake na mkono mmoja viliungua vibaya.

"Leo amekula?" Brashi aliuliza.

Mama yake alitikisa kichwa. Kijiko kilikuwa mkononi mwake, kimekauka. Alikuwa amebembeleza, ameimba, amekasirika, na hata amelia. Bonge alikunywa maji na maziwa kidogo tu, kisha akafumba mdomo.

Muuguzi wa zamu, ambaye wote walimwita Sista, aliwaeleza waziwazi. "Ngozi mpya hujengwa kwa chakula. Dawa peke yake haitoshi. Asipokula, daktari atalazimika kupitisha mpira puani ili tumlishe kwa huo."

Brashi alimtazama mdogo wake akajiona hana msaada wowote. Kuleta supu aliweza, lakini kuimeza kwa niaba yake hakuweza.

Wiki hiyo mwalimu wao wa lugha, ambaye pia alisimamia klabu ya uchoraji, alikuwa akiwafundisha rangi katika mashairi na picha. Aliwasomea shairi la mama aliyefiwa, ambamo anga lilikuwa la kijivu kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kwa nini mshairi hakusema tu kwamba mama huyu ana huzuni?" aliuliza.

"Kwa sababu kijivu kimeshasema," akajibu mmoja.

"Vizuri sana. Kijivu ni huzuni. Kijani ni matumaini. Nyeupe ni amani. Na manjano?"

"Furaha!" darasa zima likaitikia.

Brashi alikuwa ameshafika wodini kimawazo. Kama manjano ni furaha, basi Bonge alihitaji manjano ya kujaza ukuta. Baada ya kipindi alimfuata mwalimu, na mwalimu akampa karatasi kubwa ya manila na rangi za maji. Alichora jua likichomoza, kubwa, la manjano na machungwa, miale yake ikienea hadi pembeni. Sista alikubali litundikwe mradi lifunikwe kwa nailoni ili lipanguswe kila siku. Wakalibandika ukutani, mbele ya kitanda cha Bonge.

Wodi nzima ilisifu. Mama wa kitanda cha jirani alisema sasa hata taa zingezimwa pasingekuwa na giza. Daktari alisimama akatabasamu. Mama yake Brashi alimkumbatia na kusema, "Mwanangu, umetupa jua." Ni Bonge peke yake ambaye hakufurahi. Alilitazama, akajifunika uso kwa mkono wake mzima.

Tangu hapo hata maziwa aliyakataa. Usingizini alishtuka akapiga kelele. Daktari alimpima homa, akabadilisha dawa ya maumivu, akaangalia vidonda, asione sababu. Mama alikonda kwa wasiwasi. Watu wazima wote walihangaika kitandani pale, na kila aliyeinua uso alikuta jua zuri likimtazama.

Brashi ndiye aliyegundua. Alasiri moja wauguzi walivuta pazia la magurudumu ili wamfunge bandeji mtoto mwingine, na pazia likaziba picha. Bonge akateremsha mkono. Akaomba maji, akanywa. Pazia lilipoondolewa, mkono ukarudi usoni.

Brashi alijua alichokiona, lakini angekisema vipi? Picha ilikuwa yake, na sifa zilikuwa zake. Wageni walikuwa wakiipiga picha kwa simu zao. Labda nimekosea, alijiambia. Labda ni kiu tu. Akaondoka bila kusema, na njia nzima aliona aibu ya kujua jambo na kulinyamazia.

Kesho yake alimkuta mama yake amekaa, mikono imelegea mapajani.

"Kesho asubuhi wanampitisha mpira," mama alisema. "Mimi nimeshindwa, mwanangu. Sijui nifanye nini tena."

Brashi hakuwahi kumsikia mama yake akisema ameshindwa. Aliogopa kuliko siku ya moto wenyewe. Akainama sikioni mwa Bonge.

"Bonge, ni nini? Niambie dada yako."

Bonge akanong'ona nyuma ya mkono, "Lile linanifuata."

"Lipi?"

"Lile la ukutani. Linawaka."

Machozi yalimtoka Brashi palepale. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Sista. "Sista, ni picha yangu. Anaona moto. Nilihisi tangu jana, lakini sikusema. Naomba uitoe."

Sista hakumgombeza. Aliinuka, akaibandua, akaikunja rangi ikiwa ndani. Bonge aliutazama ukuta mtupu, akashusha pumzi.

"Unataka nikuchoree nini?" Brashi aliuliza. Safari hii hakujiamini hata kidogo.

"Mvua," Bonge alisema. "Ile kubwa. Mawingu yake yawe mengi."

"Mawingu ya mvua ni ya kijivu, Bonge. Hutaki maua? Hutaki kijani?"

"Mvua, Dada. Mvua inazima."

Jioni hiyo Brashi alipaka kijivu juu ya kijivu kwenye meza ya nyumbani. Rafiki yake wa dawati moja alipita, akashika kiuno. "Wewe Brashi, una akili kweli? Mwalimu kasema kijivu ni huzuni. Unampelekea mgonjwa msiba?"

"Sijui," Brashi alisema, na ndivyo ilivyokuwa. Hakujua kama ingesaidia. Alijua tu kwamba safari hii aliuliza.

Asubuhi, kabla ya daktari kuanza mzunguko wake, picha ilikuwa ukutani: mawingu mazito na mvua nene ikishuka kutoka juu hadi chini. Wodi haikusifu. Mama wa kitanda cha jirani aliguna tu. Bonge alilala akiitazama, mkono ukiwa kifuani. Mama akasogeza kijiko kama alivyosogeza siku zote, bila matumaini. Bonge akafungua mdomo.

Alimeza kidogo tu, lakini alimeza. Daktari alimtazama, akamwambia Sista mpira usubiri.

Bonge hakupona kwa picha. Bado alilia bandeji zilipobadilishwa, na bado Brashi alitoka nje akaziba masikio, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Lakini alikula, na vidonda vikaanza kufunga.

Mwalimu alipokuja kumjulia Bonge hali, Brashi alimweleza yote. Mwalimu alisimama mbele ya mvua ile akafikiri.

"Niliwafundisha nusu ya somo," alisema. "Mshairi alichagua kijivu kwa ajili ya yule mama aliyefiwa. Hakukichagua kwa ajili ya watu wote. Rangi haizaliwi na maana, mwanangu. Maana anayo mtu, kutokana na yaliyompata. Unapotaka kumfariji mtu, kwanza muulize. Na ukiona kazi yako inamuumiza, sema mapema, hata kama dunia nzima inakupigia makofi."

"Nilichelewa siku nzima, Mwalimu."

"Ulichelewa. Lakini ulisema."

Kutoka kitandani ikasikika sauti ndogo, mdomo ukiwa umejaa supu.

"Mwalimu, naomba usogee. Unanizibia mvua."