Riflekta ya Kukodi

Kengele ya mchana ilipogongwa shuleni, wenzake walikimbilia foleni ya makande. Loyce alikimbilia nyumbani kwao, nyuma ya soko la Mwanduka, akachukua hotpoti yenye ugali na mlenda, akaifunga kwa kanga kuukuu na kuanza safari ya kumpelekea mama yake mtaroni alikofanya kazi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na njia ya mkato aliijua vizuri. Hakuipita. Alizunguka nyuma ya maghala ya vitunguu ili asionekane.

Siku hiyo alionekana.

"Loyce!" aliita Gerald, mvulana wa darasa lao, akiwa na wenzake kando ya kibanda cha chipsi. "Leo umejipaka marashi gani? Ya matumbo ya kuku?"

"Sogea unuse vizuri," Loyce alimjibu. "Labda utapata hamu ya kuoga."

Wenzake Gerald walimcheka, naye akanywea. Lakini moyoni Loyce alikubaliana naye. Mtaro wa soko ulinuka. Wachinja kuku walitupa humo manyoya na matumbo, akina mama walitupa pampasi, na makondakta wa mabasi ya Singida walirusha humo chupa za mkojo bila kutazama zilipoangukia. Juu ya tope jeusi funza walifurukuta kama wali unaochemka. Loyce alipomwona mama yake amesimama ndani ya uchafu ule na chepe mkononi, alitema mate pembeni.

Damari, mama yake, hakuwa mtu wa mtaroni. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha kukamua alizeti, akifunga magunia ya mashudu, yale makapi wanayolishwa mifugo. Jioni alirudi nyumbani akinukia mafuta mabichi, na Loyce aliipenda harufu hiyo. Kisha bei ya alizeti ikaporomoka. Wakulima wakaacha kuleta mbegu, mashine zikazimwa, na geti likafungwa kwa mnyororo. Kiwanda kilipolala, mji mzima ukalala nacho. Mama lishe walikosa walaji na wenye maduka wakabaki kupiga miayo.

Hapo ndipo halmashauri ya mji ilipotangaza ajira za muda. Wasio na kipato wangesafisha mitaro na kupanga mawe sokoni na stendi, na kulipwa kila wiki. Kila mmoja angepewa riflekta, ile fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, pamoja na glavu na mabuti. Akiumia kazini angetibiwa.

Damari aliwahi asubuhi kwa Hezekia, msimamizi wa kazi katika mtaa wao.

"Nafasi zimejaa, mama," Hezekia alimwambia huku akichokoa meno. Halafu akashusha sauti. "Ila shemeji yangu Aneth ana riflekta. Yeye na mtaro wapi na wapi, ana saluni yake. Vaa wewe, malipo mgawane nusu kwa nusu. Ukiulizwa, wewe ni Aneth."

Damari aliinama akaichukua. Baadaye aligundua kwamba wengi mle mtaroni walivaa riflekta za kukodi namna hiyo hiyo. Kuficha hakukuwa kazi. Wanawake wa mtaani waliitana Mama fulani, kwa majina ya watoto wao, na hakuna aliyejali mwenzake alibatizwa nani. Mabuti Aneth alibaki nayo, akimwagilia nayo bustani yake ya vitunguu. Damari aliingia kwenye uchafu na yeboyebo, viatu vyake vyepesi vya plastiki.

Mchana ule Loyce alimkuta Bi Rukaiya mtaroni. Bi Rukaiya alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na alikuja kukagua. Hezekia alimfuata nyuma, shati lake jeupe halina hata tone la tope.

"Wewe mama, unaitwa nani?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Aneth," Damari alijibu akitazama chepe lake.

Bi Rukaiya alimgeukia Loyce.

"Shikamoo," Loyce alisema.

"Marahaba, mwanangu. Chakula cha nani hicho?"

"Cha mama."

"Na mama anaitwa nani?"

Hezekia alikohoa. Damari hakuinua uso. Akili ya Loyce ilikimbia.

"Mama Loyce," alijibu.

Bi Rukaiya akaangua kicheko. "Hapo umenipata! Haya, kazi njema." Akaondoka kuelekea stendi kukagua mawe. Hezekia alimkonyeza Loyce kama mtu anayempongeza mwenzake. Kukonyezwa kule kulimkera kuliko matani yote ya Gerald.

Damari alirudi kuchimba. Haukupita muda mrefu. Alikanyaga mahali tope lilipokuwa zito, akapiga ukelele, akaanguka ukingoni. Kipande cha chupa kilikuwa kimepenya yeboyebo na kuchana unyayo. Damu ilitoka ikachanganyika na maji meusi, na nzi wakahamia hapo mara moja.

"Nipeleke zahanati, baba," Damari alimwomba Hezekia. "Si walisema mfanyakazi akiumia anatibiwa?"

"Mfanyakazi yupi?" Hezekia aliuliza. "Mfanyakazi ni Aneth. Aneth yuko saluni, mzima kabisa. Wewe mimi sikujui. Hebu vua hiyo riflekta, usije ukaichafua kwa damu."

Alimvua mwenyewe, akiivuta juu ya kichwa cha mwanamke aliyekaa chini akishika mguu wake. Kisha akatoa leso mfukoni, akafuta vidole kimoja kimoja.

Loyce alivitazama vidole vile safi. Kinyaa kilimpanda mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakikutoka mtaroni.

"Mama, namfuata yule afisa."

"Nyamaza, Loyce!" Damari alimshika sketi. "Ile nusu ndiyo unga wetu. Ukisema, tutakula nini?"

Loyce alisita. Kweli, hapakuwa na unga mwingine. Halafu akaona nzi wakitua tena kwenye jeraha. Alijichomoa akakimbia.

Alimkuta Bi Rukaiya stendi, katikati ya mafundi wa mawe. Hata katika haraka ile hakusahau adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani. Nilikudanganya."

"Ulinidanganya nini?"

"Uliponiuliza jina. Neno lenyewe halikuwa uongo, lakini nilikudanganya. Mama yangu si Aneth, anaitwa Damari. Ile riflekta Hezekia amemkodisha, wanagawana malipo na shemeji yake. Sasa mama amekatwa na chupa, na Hezekia anasema hamjui!"

Kicheko chote kilimtoka Bi Rukaiya usoni. Hakuuliza swali la pili. Alisimamisha bodaboda, na muda si mrefu Damari alikuwa zahanati. Muuguzi alisafisha jeraha, akalishona, akamchoma sindano ya pepopunda huku akifoka kwamba kuingia mtaroni bila mabuti ni kualika kifo. Damari alimgeukia binti yake tu na kusema, "Umemwaga unga wetu."

Loyce hakulala vizuri.

Kesho yake halmashauri iliita mkutano sokoni. Bi Rukaiya alitaka kila mwenye riflekta asimame mbele ya majirani zake na kutaja jina lake halisi. Mmoja baada ya mwingine, wanawake walisimama kwa aibu na kusema riflekta waliyoikodi ilikuwa ya nani. Watu waliguna. Wengine walitema mate chini.

"Mimi nilikuwa nawasaidia," Hezekia alijitetea, jasho likimtiririka.

"Utusaidie kwa kutukata nusu?" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Kupe naye anamsaidia ng'ombe?"

Soko zima lilicheka. Hezekia hakucheka. Aliondolewa kazini palepale, na kesi yake ikapelekwa polisi. Riflekta zote zilikusanywa, na watu wa mtaa wenyewe, kwa sauti, mbele ya kila mtu, wakawataja wasio na kipato ili wapewe. Jina la Damari lilitajwa na watu wengi kwa pamoja. Angeanza akipona, kwa malipo yake yote, na mabuti miguuni.

Mkutano ulipokwisha, Bi Rukaiya aliwafuata Loyce na mama yake.

"Nisikilizeni. Halmashauri haioteshi kazi kama uyoga. Ina ushuru kidogo wa vitunguu na kuku wenu. Hali ikiwa mbaya, tunauweka mikononi mwa asiye na kitu, ili anunue unga kwa jirani, na jirani naye aende kusuka nywele kwa Aneth. Pesa ikizunguka, mji unaamka. Mtu akikaa katikati akainyonya, inaoza."

"Mimi nilikuwa na njaa, Bi Rukaiya," Damari alisema.

"Najua. Lakini ulipokubali kuwa Aneth, ulimpa Hezekia ruhusa ya kusema hakujui. Na wewe, Loyce, jibu lako la kwanza lilikuwa la ujanja. Nilicheka, nikaenda zangu, mama yako akabaki mtaroni. La pili halikunichekesha, ila ndilo lililomtoa."

Loyce aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, mama."

Waliondoka taratibu, Damari akiegemea bega la binti yake. Walipofika mtaroni upepo uliwapiga usoni, na Loyce akaziba pua.

"Mtaro bado unanuka," alisema.

"Unanuka," mama yake alikubali. Alisimama kupumzisha mguu. "Uchafu huu utatoka kwa chepe na sabuni, mwanangu. Uchafu wa Hezekia haukutoka mpaka wewe ulipofungua mdomo. Mimi mkubwa niliufumba."

Kisha akamshika mkono, wakapita njia ya mkato, mbele za watu.