Hamali Katika Damu ya Mkwe

Ndani ya mshipa wa mkono wa Mzee Ambokile, kinasahamali kilikuwa kazini. Kilikuwa kiroboti kidogo kuliko punje ya ulezi, nacho kiliwinda kitu kimoja tu: protini inayobeba vitamini A kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Wahandisi wa Mbeya Mpya waliiita protini hiyo hamali. Hamali wakizidi kwenye damu, mwili huacha kuitii insulini, sukari ikapanda. Kinasahamali kiliwapunguza. Mzee, aliyekwisha kukatwa vidole viwili vya mguu, sasa alikula ndizi za kuchoma bila kuomba ruhusa ya mtu.

Aliyekiunda ni mkamwana wake, Tusekile. Lakini mila ya Wanyakyusa haijali roboti: mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Basi Tusekile aliijua damu ya mkwewe kwenye kompyuta, na maswali mengine yote yalipitia kwa mumewe, Lusajo.

Jioni moja, taa zikiwa hazijawashwa, mzee alikuja moja kwa moja ukumbini akamgonga Tusekile kifua kwa kifua. Hakugeuka wala hakukohoa kumwonya. Tusekile alikimbilia jikoni akajifungia kwa aibu.

“Baba amerukwa na akili?” Lusajo aliuliza huko nje.

“Mwulize mkeo,” dada yake, Atupele, akasema. “Mashine si yake?”

Tusekile alifungua kompyuta yake ya mkononi. Sukari ilikuwa nzuri. Ini lilikuwa na vitamini A tele. Akasoma tena, asielewe kitu. Mtu mzima wa afya anavunjaje heshima yake namna hii?

Kisha sauti ya mzee ikasikika mlangoni, kwa mara ya kwanza ikimsemesha yeye.

“Mwanangu, nisamehe. Sikukuona. Giza likianza kuingia, hata ukuta siuoni.”

“Tangu lini, baba?”

“Tangu sukari ishuke. Nikadhani ni uzee. Na Lusajo huniuliza habari za sukari tu.”

Tusekile akaketi sakafuni. Ghala la ini limejaa, hamali wa kuibeba vitamini hawapo, macho yanakufa njaa. Alijichukia.

“Nikikizima kinasahamali, baba, macho yatapona. Lakini sukari itarudi.”

“Na mguu wangu?”

Tusekile akaitazama tena namba ya sukari kwenye kompyuta.

“Basi washa taa, utoke,” mzee akasema. “Nikuone kwanza, ndipo tuamue.”

“Baba!” Atupele akamaka.

Kwa kompyuta ile, Tusekile akawasha taa zote za nyumba, akafungua mlango.