Mdomo wa Kunguru

Asubuhi Marlis alikuta mdomo wa kunguru aliyechongwa kwenye nguzo umefumba tena. Jana aliuchonga ukawa wazi, juzi pia. Sasa mti wa mwerezi ulikuwa laini, kana kwamba haujawahi kuguswa na tezo la kuchongea.

Nguzo hiyo ilikuwa ya ukumbusho wa Rufus, mjomba wake. Isiposimamishwa, marehemu hapumziki. Na kwa harufu ya mafuta ya sili na mwani uliooza iliyojaa katika banda la kuchongea, ilionekana hata hajaanza kujaribu. Ofisi iliyofadhili kazi ilileta mtaalamu. Alinusa, akapendekeza dirisha.

"Mama, nimechoka!" Marlis alinong'ona jikoni. "Mjomba anataka nini hasa?"

Mama yake alisukuma kando bakuli la mayai ya samaki. "Hataki mkono wako. Sisi ni ukoo wa Kunguru, msiba ni wetu. Mfiwa hachongi. Wanachonga wenzetu wa ukoo wa Tai, sisi tunawapikia na kuwatunza."

"Ofisi imesema fundi lazima awe wa ukoo wa marehemu."

"Ofisi imewahi kufiwa?"

Akaitwa Conrad, mtoto wa shangazi yake Marlis, Tai halisi kwa mama yake. "Mkikwama ndiyo mnatukumbuka," alitania. Alipiga tezo mara chache, mdomo ukaachama, ukatoa pumzi ndefu ya baridi. Harufu ikaisha.

Siku ya kusimamisha nguzo, afisa wa ile ofisi alikuja na kamera. Alihitaji picha ya fundi wa ukoo akiwa kazini. Bila picha, gari la kubebea nguzo haliondoki.

"Usiguse, mwanangu," mama alinong'ona.

"Dada, ni picha tu," alisema afisa. "Mimi mwenyewe sipendi taratibu hizi."

Marlis akatazama umati uliokwisha kuvaa mavazi ya sherehe na kushika ngoma, akatazama gari, akasonya. Akaliweka tezo mdomoni mwa kunguru, taratibu, bila kukwaruza, na mwerezi ukaanza kufumba, ukakimeza kile chuma bila sauti, harufu ya mwani ikampanda puani ikashuka kooni, mpini ukavutwa kutoka kiganjani mwake kama mfupa unavyonyonywa, naye akageuka kumwita mama, akavuta pumzi apige kelele, midomo ikakataa kuachana, na vidole vyake vilipopapasa pale palipokuwa na mdomo vikakuta ubao, laini, ulionyooka.

"Hapo hapo," alisema afisa, akifumba jicho moja nyuma ya kamera. "Safi sana. Usitabasamu."