Leseni ya Kulungu

Kila asubuhi Arlene Stamper ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia pikapu ya baba yake ikizima injini nje ya nyumba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa kahawa. Baba yake, Verlon, alikuwa akitoka zamu ya usiku katika ghala la vipuri hapo Dayton. Asubuhi hiyo aliingia, akavua buti moja, kisha akakaa akiitazama ya pili kana kwamba ni mlima. Mama alikuwa ameshakwenda kufua mashuka ya hospitali. Katika nyumba ile watu walipishana mlangoni tu.

"Baba, usilale," alisema Raelynn, dada yake Arlene, huku akichana nywele. "Leo ni leo. Asemaye kesho ni mwongo."

"Na asemaye leo hajakesha akibeba makasha," baba alijibu. Hata hivyo alicheka, akaivaa tena ile buti.

Raelynn alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kile kilikuwa cha jimbo la Ohio. Mkazi wa Ohio alilipa ada ya kawaida, na mgeni wa jimbo jingine alitozwa karibu mara tatu. Ili uitwe mkazi, ilibidi wewe na wazazi wako muwe mmeishi Ohio mwaka mzima, kwa nia ya kubaki. Akina Stamper walihama kutoka milima ya Kentucky baada ya mgodi wa makaa kufungwa. Ilikuwa Juni ya mwaka uliopita, na sasa ilikuwa Agosti. Mwaka ulikuwa umetimia. Kama wangehesabiwa wageni, Raelynn angeendelea kukanda unga wa donati pale kwenye duka la mikate, na uuguzi angeusikia kwa wenzake.

Chuoni wote watatu walipokewa na Bi. Prather, mama mnene mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole. Alipitia mkataba wa nyumba, karatasi za kodi na stakabadhi za mshahara.

"Haya yote ni safi," alisema. "Limebaki swali moja. Tangu mhamie, kuna yeyote kati yenu aliyedai haki za mkazi katika jimbo jingine? Kupiga kura, leseni, chochote?"

"Hakuna, mama," alisema baba upesi.

Arlene akamtazama. Baba akageuza uso dirishani.

"Basi nendeni na kiapo hiki, mkakisome vizuri, msaini, mlete kesho," alisema Bi. Prather. "Raelynn, sahihi ni yako na ya baba yako. Lakini uongo ukigundulika, anayefukuzwa chuo ni wewe, hata kama umebakiza wiki moja umalize."

Njiani kurudi Arlene alikuwa akiikumbuka Novemba iliyopita.

Novemba ile, baba alimchukua wakaenda Kentucky kuwinda kulungu. Walisimama kwenye duka la zana za uvuvi na uwindaji, hapo ambapo ukoo mzima ulinunulia leseni tangu enzi za babu. Leseni ya mkazi ilikuwa rahisi, ya mgeni ghali. Mwenye duka aliuliza, "Verlon, bado ni mkazi wa huku?" Baba akapiga meza kwa kiganja. "Unaniuliza mimi? Kitovu changu kimezikwa mlima ule!" Watu wakacheka. Akaandikisha anwani ya bibi yake Arlene, aliyebaki kule, akasaini. Nusu ya wanaume waliofuata kazi Ohio walifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyeuita wizi. Hata namba za Ohio za pikapu baba hakuzichukua mpaka mwezi uliopita, na kibao kipya cha namba kilikuwa bado kwenye bahasha, chini ya kiti.

Walipofika nyumbani baba alikwenda kulala. Raelynn akaketi mezani, akafungua kalamu.

"Dada, usisaini."

"Kwa nini? Umemwaga kahawa?"

Kusema kulikuwa kumsaliti baba, na kunyamaza kulikuwa kumwachia dada shimo njiani. Akasema. Alisimulia duka, swali, anwani ya bibi, yote.

Raelynn aliiweka kalamu chini taratibu. Kisha akapiga kelele, "Baba!"

Baba akatokea kwa soksi, macho mekundu. Alipoelewa, alimkazia macho Arlene. "Mdomo wako hauna kifuniko, mtoto wewe?"

"Usimlaumu yeye," alisema Raelynn. "Nani alisaini?"

"Ni leseni ya kulungu, Rae! Kila mtu ananunua vile!"

"Na kulungu mwenyewe ukamkosa!"

Siku nyingine wangecheka. Baba alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. Mikono ile ilikuwa bado na alama nyeusi za makaa ya mgodi zisizotoka kwa sabuni.

"Unajua unaniomba nini?" alisema kwa sauti ndogo. "Niende nikaseme mbele za watu kwamba mimi si wa kule tena."

Machozi yalimshuka Raelynn, naye hakuyafuta.

Baba akasimama, akatafuta buti zake. "Vaa viatu, Arlene. Uliniona nikiimeza ile haramu, njoo unione nikiitapika."

Waliendesha kutwa mpaka Kentucky. Mara mbili baba alisimama kando ya barabara, akajimwagia maji usoni. Katika ofisi ya askari wa wanyamapori, kijana mmoja aliwasikiliza, akavuta kitabu chake.

"Basi tuandike upya. Unaishi wapi, mzee?"

Dirishani ilionekana milima, kijani juu ya kijani. Baba aliitazama kwa muda mrefu.

"Dayton," alisema mwishowe. "Naishi Dayton, Ohio."

Alitozwa faini, na akazuiwa kuwinda msimu mzima. Kijana yule akampa karatasi, kisha akamshika mkono. "Karibu wakati wowote, mzee. Mgeni naye anapokewa."

Kesho yake baba alimweleza Bi. Prather kila kitu bila kujitetea. Mama yule alivua miwani. "Jana uliniambia hakuna. Afadhali umerudi kabla ya kiapo kusainiwa," alisema. "Lakini siwezi kuifuta Novemba. Ulipodai ukazi kule, hesabu ya mwaka ilianza upya. Mwaka utatimia Novemba hii. Raelynn hawezi kuanza Septemba kwa ada ya mkazi. Ataanza Januari, muhula unaofuata. Nafasi yake nitamwombea ihifadhiwe."

Raelynn akashusha pumzi. Miezi mingine ya unga na mafuta moto! Lakini Januari ilikuwa na mlango, na mlango ule ulikuwa wazi.

Jioni, kabla ya zamu, baba alichuchumaa nyuma ya pikapu na bisibisi. Arlene alimshikia kibao kipya.

"Nilikukaripia," baba alisema. "Nisamehe. Ulimwokoa dada yako, na mimi pia."

"Hukasiriki tena?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Sikiliza. Njia mbili zilimshinda fisi. Kupenda kwenu si kosa, na mimi nitaipenda ile milima mpaka nife. Kosa ni kudai haki ya mahali usipoishi kwa sababu ni rahisi, ukidhani uongo mdogo utaulipia wewe peke yako. Uongo hauulizi nani alisaini. Humfuata mtoto wako mpaka darasani."

Alikaza misumari mitatu ya parafujo. Kabla ya wa nne, aliegemeza kichwa kwenye gari, akasinzia palepale, bisibisi mkononi.

Arlene aliichukua polepole asimwamshe. Akakaza ule wa nne mwenyewe, mpaka ukagoma.