Figo Haingoji

Kichinjio kizima cha Kitengela kilinyamaza kwa heshima zote za mazishi. Msichana mwenye rinda la manjano na gambuti nyeupe alikuwa amejipenyeza kati ya mbuzi walioning'inia, akauliza:

"Nani hapa ako na figo moto?"

Irungu, mchinjaji mwenye mabega mapana kama mlango wa kanisa, aliweka kisu chini. "Mimi niko nazo mbili, mrembo, lakini bado nazitumia."

Wenzake wakaangua kicheko. Msichana huyo, Mutheu, hakucheka. Alieleza kwamba alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika maabara moja ya Kajiado, akichunguza figo za mbuzi: jeni ya pampu ya kalsiamu inafanya kazi zaidi wapi, sehemu ya nje au ya ndani?

"Pampu gani tena?" Irungu akauliza.

"Inarudisha kalsiamu kwa damu, isipotee na mkojo. Bila hiyo ungekuwa umelegea kama chapati."

Irungu alipendezwa na ukali huo. Kwa wiki tatu alimpelekea figo kwa pikipiki, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa.

"Unanuka mbuzi, dear."

"Hiyo ni pafyumu ya Kitengela, babe. Vuta pole pole."

Kisha vipimo vikatoka. Nje, sufuri. Ndani, sufuri.

"Ijumaa ndiyo mwisho," alisema Daktari Odero, msimamizi wake. "Nakili namba za mwanafunzi wa mwaka jana, umalize."

"Sinakili, Daktari."

"Basi hakuna digrii."

"Basi isiwepo."

Mutheu alitoka nje akapiga simu. "Irungu, figo zangu ulizifanyia nini?"

"Heshima! Niliziosha na maji moto, nikaziangika saa nzima zikauke damu. Kwetu msichana hapewi nyama inavuja."

"Saa nzima? Umeniua!"

"Nimekuua na usafi? Tafuta mchinjaji mchafu!" Akakata simu.

Siku mbili walinuniana kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alhamisi alfajiri Mutheu akarudi kichinjioni na boksi la barafu, akasema mbele ya wote:

"Nusu ya kosa ni yangu. Sikukwambia kwa nini figo inatakiwa haraka. Jeni ikifanya kazi, seli inaandika ujumbe, na ujumbe huo unaoza upesi. Kwa maji moto unakwisha kabisa."

Irungu akakohoa. "Nusu ingine ni yangu. Mbuzi wangapi?"

"Watano. Leo."

Mbuzi akianguka, figo ilikuwa mkononi mwa Mutheu kabla wachinjaji hawajamaliza kunong'ona. Nyama ya nje, chupa ya buluu. Ya ndani, chupa nyekundu. Barafu. Pikipiki. Kajiado.

Ijumaa mashine ikajibu: kwa mbuzi wote watano, jeni ilinguruma nje na kunong'ona ndani.

Odero alikunja uso. "Namba hizi hazifanani na za mwaka jana."

"Hazifanani, Daktari. Hizi ni za mbuzi."

Odero alitafuta kalamu kwa muda mrefu sana, ingawa alikuwa ameishika. Hatimaye akatia sahihi.

Irungu alikuwa akisubiri mlangoni mwa maabara na aproni yenye damu. Wasomi walimkwepa. Mutheu alimkumbatia, rinda na yote.

"Jumamosi twende kwa mama, Machakos. Anataka mkwe wa ofisi."

"Na wewe?"

"Nakutaka wewe. Nimesema."

"Nivae suti?"

"Kuja hivyo hivyo. Asiyetaka kuona, afunge macho."