Herieth Anaomba Muda

Mimi nami nimezika mtoto, kwa hiyo habari hii siisimulii kwa mchezo. Ilimpata Demetria, mwenzangu wa jumuiya hapa Kinyerezi.

Demetria alikuwa ameiunganisha simu ya binti yake, Herieth, na ya kwake. Binti akitaka kuitumia zaidi, ombi linakuja kwa mama, naye anaruhusu au anakataa. Jioni ya mwisho Herieth aliomba akiwa kitandani na homa. Mama akakataa, ili mtoto apumzike. Alfajiri Herieth akafariki.

Tulipoanua matanga, vitu vya marehemu viligawiwa, na simu akapewa binamu yake. Shangazi mtu akasema mbele za watu, "Litoe kwanza hilo kufuli lako, wifi. Ulimfunga mmoja, inatosha."

Lakini simu ilikuwa haiwaki, basi Demetria akaipeleka kwa fundi jioni hiyohiyo. Fundi akaifungua, akachomoa betri. "Imevimba hii, mama. Haiwaki mpaka tuweke nyingine."

Mara umeme ukakatika, ingawa ni huku kwetu Kinyerezi unakozalishwa. Kibanda kikawa giza. Simu ya Demetria ikatetemeka mkononi: Herieth anaomba muda zaidi.

"Fundi, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Betri ninayo mkononi."

Demetria akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza Ruhusu.

Simu iliyokuwa mezani haikuwaka. Lakini wote wawili wakasikia kutoka humo milio midogo ya herufi zinapobonyezwa, mmoja mmoja, polepole. Ikasita. Ikafuata ile ya kufuta. Ikaanza upya.